Flashi Haimjui Bibi Yangu

Siku tuliyomzika bibi yangu, Guta, picha iliyowekwa juu ya jeneza lake nilikuwa nimeipiga mimi. Ndiyo picha pekee iliyomwonyesha akiwa peke yake na akicheka, kwa hiyo familia iliichagua bila ubishi. Ikapelekwa Bunda mjini, ikakuzwa, ikatiwa fremu, ikazungushiwa maua ya plastiki. Shangazi yangu alifika kutoka Mwanza asubuhi ya maziko. Kabla hajalia, aliisogelea ile fremu, akaikodolea macho, kisha akauliza kwa sauti ya chini: "Huyu nani?"

Watu walidhani msiba umemchanganya. Mimi nilijua hajachanganyikiwa. Bibi alikuwa mweusi wa kung'aa, ule weusi wa wazee wa kando ya ziwa. Juu ya nyusi ya kushoto alikuwa na kovu alilolipata utotoni alipoanguka na mtungi wa maji, na kila mjukuu alisimuliwa kisa cha kovu hilo si chini ya mara kumi. Kwenye fremu ile kovu halikuwepo. Paji la uso na mashavu yalikuwa doa moja la rangi ya majivu, na nyuma yake giza tupu kama mtu aliyekaa ndani ya shimo. Meno yalionekana. Kicheko kilionekana. Mwenye kicheko hakuonekana.

Picha ile niliipiga miezi minane kabla, kwenye sendofu ya binamu yangu, kwa flashi ya nje niliyoinunua mkononi. Aliyeniuzia alikuwa mpiga picha mzoefu, na alinipa ushauri mmoja tu, bure: "Iweke TTL, mdogo wangu, halafu usahau. Mashine itafikiri kwa niaba yako." Nikaiweka TTL. Nikasahau. Mashine ikafikiri kwa niaba yangu, na ilichokifikiri ndicho kile kilichokaa juu ya jeneza.

Ninaandika kugombana na ushauri ule. Nimeusikia tena mara nyingi tangu siku ile, kwenye video za mafunzo, kwenye vikundi vya wapiga picha, kwenye midomo ya watu ninaowaheshimu. Anayeanza, wanasema, aanze na modi ya kujiendesha. Zile nyingine atazijua mbele ya safari. Mimi nasema ni kinyume chake. Anayeanza, hasa anayeanza huku kwetu, kwa watu wenye rangi yetu na sherehe zetu za usiku, aanze na modi ya M, ile ambayo flashi haiamui chochote. TTL aje kuijua baadaye, akishakuwa na uwezo wa kuibishia.

Tuanze na mashine yenyewe, maana huwezi kugombana na kitu usichokijua. TTL ni kifupi cha maneno ya Kiingereza yenye maana kwamba mwanga unapimwa kupitia ndani ya lenzi. Ukibonyeza kitufe cha kamera, flashi hurusha kwanza mwako mdogo wa majaribio. Mwako huo unagonga watu na vitu, unarudi ndani ya lenzi, kamera inaupima, inapiga hesabu, kisha inaiamuru flashi itoe mwanga kiasi gani kwa picha yenyewe. Yote hayo hutokea kwa haraka kiasi kwamba wewe unaona mwako mmoja tu. Ni kazi ya kihandisi ya kupendeza, sina ugomvi nayo.

Ugomvi wangu uko kwenye swali ambalo mashine hulijibu bila kukuuliza: mwanga kiasi gani ni mwanga wa kutosha? Kamera haijui kuwa mbele yake kuna mwanamke wa miaka themanini aliyevaa kitenge cha bluu iliyokoza. Inaona mabaka ya mwanga na giza. Tangu zamani vipima mwanga vimejengwa juu ya dhana kwamba dunia, ukiichanganya yote pamoja, ni kijivu cha kati, kile ambacho vitabu vya upigaji picha hukiita kijivu cha asilimia 18. Kilicho cheusi kupita kijivu hicho, mashine inashawishika kukiangaza zaidi. Kilicho cheupe kupita hicho, inashawishika kukipunguzia.

Sasa rudi kwenye sendofu. Saa mbili usiku, Guta. Nyuma ya bibi hakuna ukuta, kuna giza la kuelekea ziwani. Kitenge chake cheusi. Kilemba chake cheusi. Ngozi yake nyeusi. Mashine ikatazama, ikasema: hapa pana giza mno, niongeze. Ikaongeza. Giza la nyuma halikubadilika, kwa sababu hapakuwa na kitu cha kurudisha mwanga. Mwanga wote ule wa ziada ulipata pa kutua pamoja tu, usoni mwa mzee wa watu.

Saa moja baadaye binamu yangu akaingia na gauni jeupe. Flashi ile ile, modi ile ile. Mashine ikaona weupe umejaa fremu, ikasema: hapa pana mwanga mno, nipunguze. Binamu akatoka kama mtu aliyepigwa picha ndani ya ghala. Kwa hiyo katika usiku mmoja nilimfanya bibi kuwa majivu na mjukuu wake kuwa kivuli, na wanawake hao wawili walikuwa na rangi moja. Ukiwaona kwenye albamu hutajua kama ni ndugu.

Najua nitakayojibiwa. Nitaambiwa kamera za siku hizi zina akili, zinatambua nyuso, zinapima zaidi pale ulipolenga, hazichanganyi tu kila kitu kama uji. Ni kweli, na mpya ni bora kuliko ile ya kwangu. Lakini tazama picha za harusi ishirini za wilaya yoyote, kisha uniambie tatizo limekwisha. Akili ya mashine ni akili ya mtu aliyekaa ofisini mbali sana na Bunda akijaribu kubahatisha nani atasimama mbele ya lenzi. Mara nyingi hubahatisha vizuri. Ila bibi yangu hakufa mara nyingi.

Historia ya ubahatishaji huo tunapaswa kuijua, kwa sababu hatukuwahi kuwa ndani ya hesabu. Kwa miongo kadhaa ya karne iliyopita, maabara za kusafishia picha za rangi zilipima rangi zao kwa kutumia kadi ya Kodak yenye picha ya mwanamke mzungu. Kadi hizo ziliitwa kadi za Shirley, kwa jina la mwanamke aliyepigwa wa kwanza. Ngozi ya Shirley ikitoka vizuri, mashine iko sawa. Ngozi ya mtu mweusi ikizama mpaka yakabaki macho na meno, mashine bado iko sawa. Mtafiti wa Kanada, Lorna Roth, alipoifuatilia habari hii, alikuta kuwa waliosaidia kuisukuma kampuni iboreshe filamu yake kwa rangi za giza walikuwa watengenezaji wa chokoleti na wa fanicha. Walilalamika kwamba bidhaa zao hazitofautiki kwenye picha. Soma tena sentensi hiyo. Mbao na chokoleti zilisikilizwa.

Kisa cha pili kinahusu flashi yenyewe. Polaroid ilikuwa na kamera ya vitambulisho iliyoitwa ID-2, na nyuma yake ilikuwa na kitufe cha kuongeza nguvu ya flashi. Vifaa vya Polaroid vilitumika Afrika Kusini kutengenezea pasi, zile hati ambazo mtu mweusi alipaswa kutembea nazo katika nchi yake mwenyewe. Mwaka 1970 wafanyakazi wawili weusi wa kampuni hiyo huko Marekani, Caroline Hunter na Ken Williams, waligundua jambo hilo na kuanzisha kampeni dhidi ya mwajiri wao. Mwaka 1977 Polaroid ikajiondoa Afrika Kusini.

Nimekifikiria sana kitufe kile. Maana yake ni kwamba uwezo wa kuipa flashi nguvu tofauti kwa uso tofauti ulikuwepo, kwenye kamera ya ofisini tu. Zamani tulizama kwenye giza, leo tunazama kwenye mwanga. Makosa hayo mawili yanaonekana kinyume, lakini yana mzazi mmoja: kuna mtu mwingine anayeshika kitufe.

Modi ya M ni kukishika kitufe hicho wewe.

Na hapa ndipo wanafunzi wenzangu wanapokimbia, kwa sababu M imepewa sifa ya ugumu isiyostahili. Nilikimbia pia. Aliyenirudisha hakuwa mpiga picha, alikuwa mjomba wangu, ambaye amevua dagaa kwenye ghuba ya Speke tangu enzi za karabai mpaka leo za taa za sola. Wiki chache baada ya msiba nilikaa naye ufukweni nikamweleza nilivyomharibu bibi. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza: "Hiyo taa yako unaifunga wapi?" Nikamwonyesha: juu ya kamera. Akacheka. Akaniambia mvuvi wa dagaa hajifungi taa kichwani. Taa inaelea pembeni, mbali na mtumbwi, kwa sababu unataka mwanga uwe pale dagaa watakapokuwa, si pale wewe ulipo. Akaniambia pia kwamba usiku wa mwezi mpevu hawaendi, kwa sababu mwanga wako hauna kazi mahali penye mwanga mkubwa kuliko wako.

Mzee huyu hajawahi kushika kamera. Lakini katika dakika tano alikuwa amenieleza mambo matatu yanayotawala flashi yoyote duniani: iko umbali gani, iko upande gani, na inashindana na mwanga gani mwingine. Anayejua hayo matatu hahitaji mashine ifikiri kwa niaba yake.

Umbali ndio mkubwa. Ukiongeza umbali kati ya flashi na mtu mara mbili, mwanga unaomfikia haupungui nusu, unabaki robo. Kwenye modi ya M, nguvu ya flashi imeandikwa kwa sehemu: 1/1 ni nguvu yote, kisha 1/2, 1/4, 1/8, 1/16, 1/32, 1/64, na nyingi hufika 1/128. Kila hatua ni nusu ya iliyotangulia. Kwa hiyo mtu akirudi nyuma umbali ukawa mara mbili, unapanda hatua mbili. Akisogea ukawa nusu, unashuka hatua mbili. Hesabu nzima ndiyo hiyo. Mtu aliyewahi kugawana samaki anaiweza.

Nilikwenda nyumbani na kipande cha mshipi wa kuvulia nikakifunga mafundo matatu: mita moja na nusu, mita tatu, mita sita. Nikaiweka kamera ISO 400, tundu la lenzi f/5.6, kasi ya shata 1/125, na kichwa cha flashi kwenye milimita 35, nikikielekeza mbele moja kwa moja. Nikamkalisha mdogo wangu kwenye kila fundo na kujaribu. Kwa flashi yangu, fundo la kwanza lilitaka 1/64, la pili 1/16, la tatu 1/4. Yako inaweza kutofautiana kidogo, ndiyo maana utaipima mwenyewe. Nikaandika namba tatu kwa kalamu ya wino kwenye utepe na kuubandika nyuma ya flashi. Jioni moja, kipande cha mshipi, na namba tatu. Mtaka cha mvunguni sharti ainame, lakini huku kuinama kwenyewe ni kwa jioni moja.

Ona kilichobadilika. Namba zile hazijali kama mtu amevaa suti nyeusi au gauni jeupe. Fundo la mita tatu ni 1/16 kwa bwana harusi na ni 1/16 kwa bibi harusi. Wote wawili wanatoka na rangi waliyokuja nayo, na kama ni ndugu, wataonekana ndugu. M haimwoni mtu, na kwa sababu haimwoni, haiwezi kumhukumu. Wewe unayemwona ndiye unayeamua. Ukitaka kumpa mzee hatua ndogo zaidi ili ngozi iliyokoza ionyeshe mikunjo yake yote, unampa, na unajua kwa nini.

Ndiyo sababu pia siwahurumii wanaolia kwamba hawana hela ya flashi yenye TTL. Flashi kama Godox TT600 au Yongnuo YN560 hazina TTL kabisa, na ni nafuu kuliko ndugu zao wenye TTL kwa sababu hiyo. Kwa anayeanza huo si upungufu, ni baraka. Mfukoni zimekupunguzia, na mbele ya mteja zimekulazimisha ujifunze.

Ukishaijua M, modi nyingine zinaacha kuwa herufi za kutisha, kwa sababu kila moja ni jibu la swali ulilokwisha kukutana nalo.

Utaenda ufukweni saa sita mchana kumpiga mama muuza samaki chini ya kofia pana. Jua liko juu, uso wake uko kivulini. Unataka flashi ijaze kivuli, na unataka kasi kubwa ya shata ili anga isiungue. Kamera nyingi haziruhusu flashi ya kawaida kupita kasi ya 1/200 au 1/250. Ukipita hapo, pazia la shata linaanza kujifunga kabla halijamaliza kufunguka, na sehemu ya picha inakuwa mstari mweusi. Modi ya HSS ipo kwa ajili hiyo. Badala ya mwako mmoja, flashi inatoa miako mingi midogo mfululizo wakati pazia linapita. Gharama yake ni nguvu: mwanga unapungua sana, kwa hiyo lazima usogee karibu. Mjomba alishaniambia, mwezi ukiwa mkubwa, taa yako ni ndogo.

Utapiga watu wanaocheza bugobogobo jioni, majembe yakirushwa juu. Ukitumia kasi ndogo ya shata, mwendo utaacha mkia wa mwanga na flashi itamgandisha mchezaji. Swali ni lini. Flashi ikiwaka mwanzoni, mkia unatokea mbele yake, kana kwamba anarudi kinyumenyume. Modi ya pazia la nyuma inaichelewesha flashi iwake mwishoni, na mkia unakaa nyuma ya jembe, unapotakiwa kukaa.

Utataka kufanya kama mvuvi wa dagaa, uitoe taa juu ya kamera uiweke pembeni. Utaikuta S1 na S2. S1 huifanya flashi iwake mara inapoona mwako wa flashi nyingine. Kwa M ni sawa kabisa. Lakini kama flashi ya kwanza iko kwenye TTL, S1 itadanganywa na ule mwako wa majaribio niliousema mwanzo, itawaka mapema, na picha itatoka kana kwamba haipo. S2 hupuuza mwako wa kwanza na kusubiri wa pili. Na kwenye ukumbi wenye wapiga picha watano, flashi yako iliyo kwenye S1 itacheza kwa kila atakayepiga, mpaka betri ziishe kabla ya keki.

Zipo pia A, ambapo jicho dogo kwenye flashi yenyewe hupima mwanga na kuukata ukitosha, na Multi, inayorudia miako mingi ndani ya picha moja. Utazitumia kwa nadra. Lakini ijue kazi yake hata usipoitumia, kama unavyojua njia ya kwa jirani.

Je, TTL haina siku yake? Inayo. Maharusi wanapoingia wakicheza, wanakuja, wanarudi, umbali unabadilika kila sekunde, mafundo yangu matatu hayatoshi. Hapo naiwasha TTL mimi mwenyewe. Lakini siwashi na kusahau. Nyuma yao kukiwa na giza la ziwa, naiamuru ipunguze hatua moja au mbili chini ya inavyotaka. Gauni jeupe likijaa fremu, naiamuru iongeze. Kitufe cha kufanya hivyo kipo kwenye flashi nyingi zenye TTL, na yule aliyeniuzia ya kwangu hakukitaja. Hakuwa mtu mbaya. Nadhani naye aliambiwa aweke na kusahau.

Na wala sidai kwamba flashi ya usoni ni dhambi. Malick Sidibé wa Mali alizunguka kwenye dansi za vijana wa Bamako miaka ya 1960, na flashi yake, usiku, kwa watu weusi waliovaa mashati meupe. Picha yake ya kaka na dada wakicheza, ya mwaka 1963, imezunguka dunia. Hakukuwa na TTL enzi hizo. Alikuwepo mtu aliyejua amesimama umbali gani na watu wake.

Hoja ngumu kuliko zote sikuletewa na wapiga picha, ililetwa na wateja. "Kaka, nitoe mweupe." Nimeisikia kwa dada wa miaka ishirini, nimeisikia kwa mchungaji. Wenzangu husema: mteja ni mfalme, muunguze kidogo na flashi, kisha umalizie kwenye kompyuta kwa kumlainisha. Mimi nimekataa, na imenigharimu kazi. Sikatai kwa kujifanya mlinzi wa rangi za watu. Mtu mzima akitaka kujipamba, ni uso wake. Nakataa kwa sababu flashi iliyounguza haipambi, inafuta. Programu ya kuhariri inaweza kuvuta kilicho kivulini kikarudi kwa sehemu. Palipounguzwa hadi weupe tupu hapana kitu cha kuvuta. Maji yakimwagika hayazoleki. Kovu la bibi halikufichika kwenye faili yangu, halikurekodiwa. Nimelitafuta usiku mwingi, nikishusha mwanga wa picha mpaka uso wote ukawa kijivu kama saruji.

Tena huku kwetu picha ni chache na zina kazi nzito. Watu wengi wa umri wa bibi wamepigwa picha kwa mpangilio mara chache mno: ya kitambulisho, ya harusi ya mjukuu, basi. Mpiga picha wa sherehe ya Guta anadhani anapiga sherehe. Hajui ni ipi kati ya picha mia nne za usiku ule itakayotolewa siku moja na kuwekwa juu ya jeneza. Hakuna atakayemwita arudi kuirudia.

Mwezi wa arobaini shangazi alirudi Guta. Nilimwomba akae nje, karibu na ukuta uliopakwa chokaa. Flashi sikuielekeza usoni. Niliigeuzia ukutani ili mwanga umrudie taratibu kutoka pembeni. Turubai la bluu la msibani nilikuwa nimelikwepa makusudi, maana mwanga ukigonga bluu unarudi bluu. Nikaanza na 1/8, ikazidi. Nikashuka 1/16. Nikatazama, nikamsogeza kidogo, nikapiga tena.

Alichukua kamera akaitazama picha kwa muda ule ule aliouchukua mbele ya fremu. Ana nyusi za mama yake. Kisha akaanza kulalamika: hakuambiwa achane nywele, na jicho moja limekuwa dogo, na kwa nini mikunjo imeonekana yote. Alilalamika mpaka chai ikapoa. Hakuuliza ni nani.

Kwa hiyo, wewe uliyenunua flashi wiki hii na umeambiwa uiweke TTL usahau: usisahau. Itoe leo hii. Tafuta kamba, ifunge mafundo matatu, mkalishe mama yako kwenye kila fundo, na uandike namba zako. Anza na mama. Usingoje sherehe.